Kuonja uraka Mtwara: mwongozo kamili, tangu bibo la asubuhi hadi kikombe cha jioni

Mtu aliyezoea bia ya chupa akifika Mtwara mwezi wa kumi, swali lake la kwanza huwa, "Mna aina ngapi za uraka?" Mama muuzaji humtazama kidogo, kisha naye humuuliza: "Wa leo au wa jana?"

Elimu yote ya kinywaji hiki imo kwenye swali hilo. Kwenye viwanda vidogo vya bia vya Ulaya na Marekani, mgeni huwekewa kibao chenye vigilasi vinne au vitano, kila kimoja na bia yake: nyepesi, chungu, nyeusi, ya ngano. Kwetu kusini pombe ni moja, ila ina saa zake. Ulichokunywa saa tatu asubuhi sicho utakachokunywa saa kumi na moja jioni, ingawa vyote vimechotwa ndoo moja. Kwa hiyo ukitaka kuuonja uraka ipasavyo, usizunguke vilabu vitano. Kaa na mkamuaji mmoja siku nzima. Mwongozo huu ni wa siku hiyo.

Unachokwenda kunywa

Uraka ni maji ya mabibo yaliyochachuka yenyewe. Bibo ni lile tunda nono la mkorosho, jekundu au la njano, ambalo korosho huning'inia chini yake kama kitasa. Mkorosho ni mgeni kwetu: asili yake ni Brazil, na Wareno ndio walioupandikiza pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 16. Leo mikoa ya Mtwara na Lindi inaishi kwa mti huo. Korosho hupelekwa ghalani, ikapigwa mnada. Bibo, ambalo ni zito mara kadhaa kuliko korosho yake, hubaki shambani, na mengi huozea chini ya mti. Uraka hutokana na yale machache yanayookolewa.

Hakuna kimea humo, hakuna hamira, na kwa mama mkweli hakuna hata sukari. Chachu imeshakuja na tunda lenyewe, imekaa kwenye ngozi yake na kwenye vyombo vinavyotumika kila siku. Bibo likishapondwa, chachu huanza kula sukari ya tunda, ikatoa kilevi na gesi. Hali ya joto la Mtwara haingoji mtu: masaa machache tu povu limeshajitokeza.

Jambo la pili la kujua ni ukakasi. Bibo lina tanini nyingi, ndizo zinazokukausha ulimi na kukufanya ujihisi umelamba kitambaa. Wageni wengi huuacha uraka kwenye funda la kwanza kwa sababu hiyo, wakidhani umeharibika. Haujaharibika. Ukakasi ndio mwili wake, kama uchungu ulivyo kwa bia ya chupa.

Chagua wakati

Huku ukisema "msimu" bila kuongeza neno, watu wanajua ni msimu wa korosho. Mikorosho hutoa maua kuanzia kama mwezi wa sita, na mavuno hushika kasi mwezi wa kumi na wa kumi na moja, mengine yakisogea hadi Desemba na kuingia Januari. Njoo Oktoba au Novemba. Mvua zikikolea, mabibo hunyeshewa yakiwa chini, yanapasuka na kuoza upesi, na uraka wake unakuwa mwepesi wenye harufu ya uchafu. Mwezi wa saba ukikuta mtu anakuuzia kitu anachokiita uraka, muulize bibo amelitoa wapi.

Kutoka Dar es Salaam ni safari ya siku moja kwa basi, barabara ya lami, ukivuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa. Ukishafika mjini Mtwara, nenda stendi ya Mkanaledi upande gari la Nanyamba, Tandahimba au Newala. Si lazima ufike mbali. Ukipita Naliendele kuelekea Nanguruwe tayari uko katikati ya mikorosho. Ila mwenye nafasi namshauri apande hadi uwanda wa Makonde, Newala hasa, ambako ukimaliza kazi unaweza kwenda kusimama ukingoni pa Shimo la Mungu ukatazama bonde la Ruvuma linavyofifia kuelekea Msumbiji. Aliye upande wa Lindi atapata mambo yaleyale Ruangwa, Nachingwea na Mtama.

Tafuta mwenyeji kabla ya kutafuta pombe

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanateremka kwenye gari, wanamuuliza bodaboda "uraka uko wapi," wanapelekwa kilabuni saa kumi jioni kwenye kelele, wanapewa kopo la wa jana, kisha wanarudi mjini kusimulia kwamba uraka ni mchachu. Walichokunywa ni ukurasa wa mwisho.

Mwenyeji mzuri ni mtu wa kijiji anayefahamika: mwalimu, fundi, karani wa chama cha msingi cha ushirika, au nyumba uliyofikia. Mweleze kwamba unataka kuona mabibo yanavyokamuliwa. Atakupeleka kwa mama. Nasema mama kwa sababu kukamua na kuuza, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya wanawake, na fedha yake mara nyingi ndiyo inayonunua daftari na sabuni kabla malipo ya mnada hayajaingia. Nenda jioni ya siku iliyotangulia. Piga hodi, amkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Habari za utokako?"

Usiharakishe. Zungumzeni mvua, zungumzeni bei ya korosho (hilo peke yake litachukua nusu saa), ndipo useme shida yako: kesho ungependa kuongozana naye shambani, umsaidie kuokota, na utanunua uraka wake. Malizaneni bei hapohapo. Akikuambia njoo na viatu vya kufunika miguu, msikilize. Chini ya mikorosho majani makavu huficha nyoka.

Kama mwenyeji wako ni Mwislamu asiyekunywa, na wako wengi, usimtume dukani wala usiingize kikombe sebuleni kwake. Atakuelekeza njia, lakini mengine ni yako.

Vya kubeba

Maji yako ya kunywa, lita mbili au zaidi. Kikombe chako, nitaeleza sababu. Noti za elfu moja na sarafu za mia tano na mia mbili, maana noti ya elfu kumi saa mbili asubuhi ni usumbufu kwa kila mtu. Kitambaa safi, daftari na kalamu. Na chakula, au fedha ya chakula.

Asubuhi: shambani na kwenye kinu

Mabibo ya uraka mzuri ni yaliyoanguka usiku au alfajiri, au yaliyoiva mtini kiasi kwamba ukiyagusa yanakubali kuchumika. La jana ni hatari: bibo halivumilii siku mbili. Okota lililo zima, ngozi isiyopasuka, lisilo na tundu la mdudu. Kisha litenganishe na korosho yake kwa kunyonga kidogo. Tahadhari moja tu: usiing'ate korosho mbichi wala usicheze na ganda lake. Lina mafuta makali yanayounguza ngozi; nimeona midomo ya kijana wa mjini ikivimba kama maandazi. Korosho zote ni za mwenye shamba, ziingie kwenye kapu lake.

Na hapa niseme neno. Mtu akikuambia umlipie uraka wake kwa korosho, au akikuuzia korosho kwa kipimo cha kopo ili ubebe mjini, kataa. Hiyo ndiyo kangomba, ununuzi wa korosho nje ya mnada, imepigwa marufuku, na inamnyonya mkulima ambaye jana mlikuwa mnalalamika naye juu ya bei.

Mabibo yaoshwe. Mikorosho hupuliziwa salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga wakati wa maua, na viuatilifu vingine dhidi ya mdudu aitwaye mbu wa mikorosho, na tunda likianguka huokota mchanga. Uwanda wa Makonde maji yana historia ya tabu; zamani kina mama waliyafuata bondeni kwa miguu, wakipanda nayo kichwani. Kwa hiyo ukimwona mama anaosha kwa maji machache usimkaripie. Mchangie ndoo.

Kisha mabibo hupondwa kinuni, yakaminywa kwa mikono au kwa kifumbu, na maji yake yakachujwa kwa kitambaa ndani ya ndoo. Shika mchi nawe, hata dakika kumi. Utajua ukakasi kwa mikono kabla ya ulimi: viganja vinakauka na kunata, na utomvu ukigusa shati jeupe doa lake halitoki.

Muulize mambo matatu na uyaandike: amekamua saa ngapi, mabibo ni mekundu au ya njano au mchanganyiko, na kama ndoo ilioshwa kwa maji ya moto au ilisuuzwa tu. La tatu si dharau. Ndoo iliyobaki na machicha ya jana huchachua haraka zaidi, na wapo wanaoiacha hivyo makusudi, kama vile mpishi anavyotunza unga mchachu.

Kuonja saa kwa saa

Nunua jagi moja la maji yaliyokamuliwa mbele yako, mwombe mama akutunzie pembeni kivulini. Lifunike kwa kitambaa, usikaze kifuniko. Hilo ndilo jagi lako la siku nzima. Kila mara utachota robo kikombe tu.

Saa tatu asubuhi, mara baada ya kuchujwa, bado ni juisi. Rangi ni njano ya maziwa, ukungu umetanda ndani. Nusa kwanza: utapata harufu ya bibo lililoiva, nzito, inayofanana kidogo na embe lililolala chini. Sukari inatangulia mdomoni, halafu ukakasi unakuja kwa nyuma na kukamata pande za ulimi. Kinywaji hiki anaweza kupewa hata mtoto, na kina vitamini C nyingi kuliko chungwa kwa mbali.

Kuelekea saa sita, tega sikio jagini. Utasikia kama chumvi inayomwagwa polepole juu ya karatasi. Vijipovu vimepanga mstari ukingoni. Utamu umepungua, ulimi unachomwachomwa na gesi, na ukakasi umelegea. Kwangu mimi hii ndiyo saa yake. Kama ningeambiwa nichague kikombe kimoja tu cha msimu mzima, ningechagua cha saa sita na nusu, chini ya mkorosho, jasho likinitoka. Wazee watakucheka. Wao wanakiita cha watoto.

Ikifika saa tisa au saa kumi, mwombe mama kikombe cha mabibo aliyokamua mchana, ukiweke kando ya jagi lako. Onja kimoja, kula kipande cha muhogo, sukutua kwa maji, onja kingine. Sasa utaona kwa nini niliandika kwamba aina ni saa. Hicho kingine bado kitoto, chako kimekomaa: utamu umebaki kama kumbukumbu, uchachu umeingia, na kuna joto linaloshuka kifuani. Andika maneno yako mwenyewe, usiogope kuandika "kama limau iliyowekwa kwenye chungu."

Usiku wa saa moja kinakuwa kikavu na kikali. Hapo ndipo uraka wa vilabuni unapoanzia kwa wengi. Na wa kesho yake asubuhi ni mchachu waziwazi, unaelekea siki. Onja funda moja kwa ajili ya elimu, kisha mwachie anayeupenda.

Saa hizi nimezipima kwa siku ya jua. Siku ya mawingu kila kitu hurudi nyuma, na ndoo yenye machicha ya jana husukuma kila kitu mbele. Hakuna lebo, hakuna asilimia. Kwa hiyo hesabu vikombe, si hisia zako, maana utamu wa saa sita humdanganya mtu: anakunywa kama soda, saa tisa anakuta miguu si yake.

Ukihisi sukari ya dukani (utamu mwembamba unaokaa juu ya ulimi, bila ukakasi nyuma yake), umeongezewa. Ukihisi harufu ya mkate, kuna hamira. Ukihisi si kitu wala si jambo, ni maji. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mkamuaji naye ni binadamu. Sifa zako zihifadhi hadi umalize kulipa.

Chakula kisikose. Ming'oko ikiwepo, hiyo ndiyo rafiki wa uraka: mizizi ya porini inayochemshwa, utamu wake mkavu unafuta ukakasi vizuri kuliko muhogo. Korosho za kuchoma, ndiyo, lakini baadaye. Mafuta yake hufunika ulimi ukashindwa kuonja.

Kilabuni jioni

Nenda baada ya saa za kazi. Serikali za vijiji hazipendi kuona watu wamekaa kilabuni asubuhi msimu wa kuokota, na wewe mgeni ndiye utakayeonekana umewakalisha. Asiye na miaka 18 abaki nyumbani.

Salimia wote, wazee kwanza. Usijichagulie kiti cha pembeni peke yako. Utaonyeshwa pa kukaa. Muuzaji akichota, ni kawaida aonje yeye kwanza mbele yako. Huko ndiko kutoa sumu, na ni heshima kwako, si uroho wake. Mzee aliye karibu nawe akipungukiwa, mwongezee kabla hujajiongezea.

Kikombe chako sasa. Kopo moja huzunguka vinywa vingi, na mwanzo wa mvua ni wakati wa magonjwa ya tumbo. Lakini ukilitazama kopo la watu kwa macho ya daktari, umeshaharibu jioni. Dawa ni hii: njoo na kikombe chako kizuri cha bati, kinywee, na unapoondoka mwachie mama kama zawadi. Mwaka ujao utakikuta.

Picha piga kwa ruhusa, na anza na ndoo kabla ya nyuso. Kuna watu pale ambao wake zao wanajua wako mnadani.

Nipa, hapana

Utasikia jina hilo. Mabibo yaliyokaushwa, kochoko, huloekwa, yakachachuliwa na kutoneshwa kwenye mtambo wa kienyeji, ikatoka nipa, ambayo ni gongo kwa jina lingine. Ni haramu kwa sheria, na mtambo wa mabomba ya kuokoteza hauna anayeupima: hujui chuma gani kimeyeyukia humo wala kama kuna methanoli, kilevi kinachopofusha macho. Ukipelekwa mahali ukaona moshi nyuma ya nyumba na pipa lenye bomba, usitoe simu, usiulize maswali, aga kwa upole uondoke. Usichanganye hata kidogo kwenye uraka, ingawa wapo wafanyao hivyo. Kikombe kinachochoma koo saa tano asubuhi kina kitu ambacho bibo halikuweka.

Ukikosa msimu

Shuka pwani. Mikindani, kama kilomita 10 kutoka Mtwara mjini, na mwambao mzima hadi Lindi, kuna minazi na kuna wagema. Tembo la mnazi nalo huonjwa kwa saa, sheria ni ileile: mgema hupanda asubuhi na jioni, na linaloshuka asubuhi ni tamu, jeupe, halina ukakasi kabisa. Kufika jioni limekuwa kali. Msubiri chini ya mnazi wake, usingoje limfikie muuzaji.

Bara kidogo utapata pombe ya nafaka, ya mtama au mahindi. Hiyo huhesabiwa kwa siku. Nafaka hulowekwa, ikaota, ikaanikwa na kusagwa kuwa kimea. Kimea hutiwa kwenye uji uliopoa. Mwanzoni ni togwa, siku zinazofuata ni pombe. Ukikuta mama yuko kwenye togwa, kaa naye hadi keshokutwa ukiweza.

Na asiyekunywa kilevi asikose safari. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele kimefundisha vikundi kutengeneza juisi na jemu ya mabibo, na juisi iliyoondolewa ukakasi ni kitu kingine kabisa.

Kurudi

Usiendeshe pikipiki, na usipande ya dereva uliyekuwa naye kilabuni. Panga mapema na asiyekunywa, au lala kijijini. Aliye kwenye dawa, mjamzito, au anayejijua ana mzio wa korosho, aishie kwenye kuokota.

Na kama huwezi kuondoka bila kubeba, jifunze kwangu. Nilijaza chupa ya maji ya lita moja na nusu, nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote, nikaiweka mapajani kwenye basi. Tulipofika Mingoyo chupa ilikuwa imevimba na kukakamaa kama mpira. Nilipolegeza kifuniko, nusu ya uraka iliishia kwenye kanzu ya mzee aliyekaa kiti cha mbele, mtu wa swala tano. Jaza chupa robo tatu, kifuniko ulegeze, isimamishe wima miguuni. Na mwenye kanzu mbele yako, badilishaneni viti kabla basi halijaondoka.